Kofia ya Bure

Nyasubi, Kahama
4 Julai 1954

Kwa ndugu yangu Marselino, dereva mkuu wa Geita,

Mwangaluka! Huku tumeamka salama, ng'ombe wameamka, na mama yangu Limi ameamka anauliza kama huko machimboni mnakula michembe au mmekwisha kuwa Wazungu wa mikate. Nikamwambia dereva hali michembe. Akasema basi dereva huyo ana njaa, maana aliyekulia viazi vikavu hashibi mkate.

Nina habari. Kaa chini kwanza, au kama uko kwenye usukani, simamisha lori.

Amekuja hapa Nyasubi bwana mmoja, Mwalimu Cornel, mtu wa mbali, mwenye suti na viatu vinavyolia kwii kwii. Amefungua shule ya udereva. Bure! Miezi mitatu unafundishwa, chakula chake, kitanda chake, na ukimaliza kuna kazi inakungoja kwenye malori ya pamba au kule Mwadui kwenye almasi. Nimemwuliza mara tatu kama ni bure kweli. Unanijua, mimi hata mvua ikiwahi nauliza kwa nini. Akacheka, akasema, "Mzee, nchi inataka madereva, haitaki shilingi zako."

Tena kila anayejiandikisha anapewa kofia siku hiyohiyo. Hapo ndipo moyo wangu uliporuka. Ni ya kaki, ina kamba nyeusi mbele na kifungo cha shaba pembeni. Ndiyo ileile uliyovaa kwenye picha yako! Ile uliyoegemea lori, niliyoibandika ukutani. Nikamwita mke wangu, nikamwambia, "Paskalia, njoo uone, hata kofia ni ya Marselino. Hii ndiyo shule."

Utasema nina miaka arobaini. Sawa. Lakini bebe, wewe ndugu yangu, tangu utoto wewe ndiye wa kwenda. Ulikwenda Shinyanga kuona treni, mimi nikabaki na ndama wako na wangu. Ulikwenda Burma, nikabaki. Ukaenda Geita kwenye dhahabu, nikabaki. Na mimi nataka siku moja nipige honi mbele ya nyumba ya mama yangu, kuku wakimbie.

Tarehe 26 wanakuja kuhesabu ng'ombe zizini. Mwalimu anasema si kitu, wanataka tu kujua mwanafunzi katoka nyumba yenye heshima. Jumamosi ya tarehe 31 natia sahihi.

Nishauri, wewe mwenye ujuzi. Niende na viatu au miguu mitupu?

Ni mimi wako,
Mihayo


Geita, machimboni
13 Julai 1954

Mihayo, baba wa Klara, mfalme wa michembe,

Nimeisoma barua yako mkono mmoja kwenye karatasi, mkono mwingine kwenye usukani, maana sisi watu wa kazi hatuna nafasi. Juzi tu breki zilikatika mlimani nikiwa na mzigo wa mashine. Wenzangu wakaruka. Mimi nikalibembeleza lile lori kwa maneno matamu hadi likasimama lenyewe, kama ng'ombe aliyesikia jina lake. Bwana mkubwa akanipa mkono. Mkono wa kulia!

Sasa sikiliza maneno ya mtu aliyekwisha kuona Kolombo, Rangoon na Masumbwe. Udereva usiutake. Unaharibu figo. Unaharibu na masikio. Mke wangu Generosa nikimwambia jambo usingizini nampigia kelele kama niko kwenye injini, na majirani wanajua siri zetu zote. Tena wewe una miguu mirefu. Lori limetengenezwa kwa watu wa kiasi, kama mimi.

Wewe Mungu amekupa ng'ombe. Nikikumbuka zizi la baba yako alfajiri, moshi wa samadi, na sisi tumelala chali chini ya ng'ombe tunakamua maziwa moja kwa moja mdomoni, halafu tunamsingizia ndama! Kuna siku ulikamulia jicho langu, nikatembea siku nzima kama chongo. Mama Limi akanitibu kwa maziwa mengine, akisema dawa ya moto ni moto. Dereva gani duniani ana raha kama ile?

Na unakumbuka alfajiri ya fisi? Wiki ile niliyorudi vitani. Fisi kamkamata ndama wako mwekundu paja la nyuma, wewe umeshika fimbo unatetemeka. Nani aliyetoka uchi na filimbi ya jeshi, akapuliza mpaka fisi akadhani Wajapani wamefika Kahama? Mimi. Ukafurahi, ukanipa ndama huyohuyo nikae naye zizini kwangu Masumbwe, ninywe maziwa yake, mji wangu uliokufa wakati wa vita uanze kusimama. Mtu mwenye moyo wa kumlaza ng'ombe wake kwa mwenzake anatafuta nini kwenye usukani?

Kaa nyumbani, Mihayo. Kofia nitakununulia mimi, tena yenye manyoya.

Akupendaye kuliko mshahara wake,
Marselino


Nyasubi
21 Julai 1954

Marselino,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikaona hakuna ndani yake neno hata moja la kweli la kunizuia. Figo! Miguu mirefu! Kumbe hutaki tuwe madereva wawili.

Lakini sasa nimejua zaidi, na inaniuma. Juzi Mwalimu Cornel alipita kwangu kunywa maziwa. Akaiona picha ukutani. Akasimama, akaitazama muda mrefu. Akaniuliza, "Huyu bwana yuko wapi siku hizi?" Nikasema yuko Geita, ni dereva mkubwa, wazungu wanampa mkono. Loo! Mtu akacheka hadi machozi, akapiga goti lake, akasema, "Huyu ni mwanafunzi wangu! Nilimfundisha mimi Shinyanga, mwaka arobaini na saba!"

Kwa nini ulinificha kwamba ulisoma kwake? Hata mimi, niliyechunga ndama wako?

Akaiazima picha. Sasa anatembea nayo gulioni, anawaonyesha watu. "Mwamjua huyu? Ni mtoto wa hapahapa, alikuwa mchunga ng'ombe kama ninyi. Mtazameni leo." Watu walikuwa wanasitasita, lakini kwa ajili ya uso wako wamejiandikisha kumi na mmoja. Wanne wamekwisha tia dole. Mjane Sikujua, aliyelaza ng'ombe wake zizini kwangu, ananiambia kama si mwanamke angekwenda na yeye.

Mimi natia sahihi tarehe 31 kama nilivyosema. Usijisumbue na kofia ya manyoya.

Mihayo


Geita
29 Julai 1954

Mihayo ndugu yangu,

Barua hii siipeleki posta. Anakuja nayo Herman, dereva wa lori la chumvi, atapita Masumbwe na kesho Ijumaa atakuwa Kahama. Herman ndiye dereva. Mpe maziwa, na mwangalie vizuri, maana ndiye dereva pekee utakayempata kutoka kwangu.

Mimi sijaendesha lori hata siku moja.

Nimeliandika. Nimeacha kalamu, nimetoka nje, nimerudi, bado limeandikwa.

Kazi yangu hapa ni kusukuma vigari vya mawe chini ya ardhi. Vina magurudumu manne, ndiyo, na reli, ila injini ni mgongo wangu. Lori lililokatika breki liko kweli, na mimi nilikuwa mmoja wa wale walioruka. Niliruka wa kwanza. Burma nako nilipanda malori mengi, lakini nyuma, pamoja na masufuria, maana nilikuwa mwosha vyombo wa jikoni. Picha ile ni ya mpiga picha wa Shinyanga. Lori ni la mwenye duka, naye alikuwa ameingia kunywa chai. Alipotoka alinikimbiza.

Lakini kofia ni yangu. Hiyo niliipata kwa haki, kwa bei kubwa kuliko kofia ya mfalme.

Nilikuwa nimerudi vitani, kila mtu ananiuliza, "Umerudi na nini?" Nimerudi na filimbi. Ndipo nikamwona huyo bwana karibu na stesheni ya Shinyanga. Wakati ule jina lake Mwalimu Januari, na viatu vilikuwa vinalia vilevile. Bure, akasema. Karani wake akaja Masumbwe kuhesabu ng'ombe wangu, kwa heshima tu. Nikatia sahihi kwa mbwembwe, nikapiga na mstari chini yake, kwenye karatasi yenye maandishi madogo kama sisimizi. Mimi mtu wa darasa la tatu, niseme siwezi kusoma mbele ya walioshindwa hata la kwanza?

Miezi mitatu nilijifunza kuosha lori. Kulikuwa na jingine limeinuliwa juu ya mawe, halina injini. Tulikaa ndani kwa zamu tukizungusha usukani na kusema "vuuu" kwa mdomo. Usicheke. Mimi ndiye niliyesifiwa kwa "vuuu." Halafu tukaambiwa tumeshindwa mtihani, na karatasi ikasomwa. Mafunzo ni bure, ndiyo. Ila kofia ni mkopo. Ugali ni mkopo. Kitanda, sabuni ya kuoshea lori lake mwenyewe, petroli ya lori lisilo na injini, vyote mkopo, na riba yake, na rehani yake ni ng'ombe wote waliohesabiwa zizini kwangu.

Walikuwa tisa. Akawaswaga wote tisa. Wa nane alikuwa mtamba wako mwekundu, yule ndama wa fisi.

Sasa lililobaki. Ningekwenda barazani nikasema, "Huyu mwekundu si wangu, ni wa Mihayo, amelazwa tu," wazee wangemrudisha siku hiyohiyo. Mgeni yule hajui desturi zetu, anadhani ng'ombe aliye zizini ni wa mwenye zizi. Lakini ilibidi nikuite wewe uje kushuhudia, na ungeniona nimesimama pale, askari wa Burma, nimeibiwa kwa kofia. Nikanyamaza. Na kwa kuwa ng'ombe wa mwenzio akifia kwako ni lazima umpelekee ngozi aione, nikanunua ngozi nyekundu kwa mchinjaji, nikakuletea kwa mchuuzi wa chumvi, nikakuandikia kwamba amekufa kwa ugonjwa. Ukanijibu, "Pole, ndugu yangu, ng'ombe huzaliwa wengine." Maneno yako hayo yamenisukuma shimoni miaka saba kuliko vigari.

Usitie sahihi, Mihayo. Mwambie Mama Sikujua, waambie wote wenye ng'ombe zizini kwako, waje wasimame kila mtu na wake. Yeye anategemea kitu kimoja tu, kwamba mtu mzima akidanganywa ataona haya kusema. Ananijua mimi. Ndiyo maana alicheka hadi machozi.

Ukitaka kuichana picha, ichane. Ila lori la watu usilichane.

Marselino, msukuma vigari


Nyasubi
3 Agosti 1954

Marselino,

Herman alifika Ijumaa jioni. Amekunywa maziwa vibuyu viwili na hakusema hata mara moja kwamba yeye ni dereva. Kumbe madereva wa kweli wako hivyo.

Sikwenda shuleni Jumamosi. Saa nne wakanifuata wenyewe, Mwalimu na karani wake, na karatasi, na wino. Akafungua daftari. "Ng'ombe ishirini na saba," akasema. Nikamwambia, "Umehesabu vizuri, Mwalimu. Sasa tuwaulize ni wa nani."

Nilikuwa nimewaita. Mama Sikujua akaingia zizini, akashika pembe: "Hawa watatu ni wangu. Wewe uliwaandika kwa ruhusa ya nani? Mume wangu alikufa, hakuniachia wewe." Mzee Maige akatoa watano wake. Watu wa kijiji cha pili wakatoa wao, mmoja mmoja, kwa majina, na ng'ombe wanaitika! Mwalimu anafuta, anafuta, karatasi imetoboka. Wakabaki sita.

"Na hawa?" akauliza, jasho linamtoka.

Mama yangu akatoka jikoni na mwiko. "Hao ni wangu mimi Limi. Huyo mtoto hana ng'ombe. Ana kofia tu, na kofia yenyewe chukua."

Watu walicheka hadi mbwa wakabweka. Katekista Selestine akamnyang'anya karani karatasi, akaisoma kwa sauti, pole pole, kama anasoma misa. Kofia, mkopo. Ugali, mkopo. Petroli. Kila neno kama ulivyoliandika. Watu wakaanza kurudisha kofia, wanazitupa miguuni pake.

Lakini wale wanne waliokwisha tia dole bado wamefungwa na karatasi zao. Shauri limepelekwa barazani kwa mtemi, litasikilizwa Ijumaa ya tarehe 13. Mwalimu anajitetea vizuri, ana ulimi. Na ushahidi wake unajua ni nini? Picha yako. Ameiweka mezani mbele ya wazee, anasema, "Muulizeni huyu kama nilimdhulumu. Ni dereva Geita, wazungu wanampa mkono." Hatuna wa kumjibu. Atakayemjibu ni wewe tu, usimame mbele ya watu wote uliowahi kuwapigia hadithi, useme kama ulivyoniandikia. Na "vuuu" useme.

Najua ninachokuomba. Ni kikubwa kuliko ng'ombe.

Sasa, kuhusu ngozi. Siku ilipofika niliitandaza uani, nikapiga magoti, nikatafuta kovu la fisi kwenye paja la nyuma. Mahali nilipolitibu kwa mikono yangu, nikilipaka samli mwezi mzima. Halikuwepo. Ngozi safi, nzuri, ya ng'ombe nisiyemjua.

Nilitaka kuja Masumbwe na fimbo. Mama akanizuia. Akasema, "Mtu anayenunua ngozi nzima ili akudanganye, ana mzigo mzito kuliko ng'ombe mmoja. Mwache. Siku moja atautua." Ndipo nikakuandikia pole. Pole ile haikuwa ya ng'ombe, bebe. Ilikuwa yako.

Tumengoja miaka saba. Ngozi Mama anailalia mpaka leo. Anakusalimu, anasema kama ni kuchagua, ulichagua ngozi nzuri.

Rafiki yako,
Mihayo


Geita
9 Agosti 1954

Mihayo ng'wana Limi,

Barua yako nimeisomea chini shimoni, kwa taa, nimekaa kwenye ukingo wa kigari. Mwenzangu akaniuliza, "Marselino, unalia?" Nikamwambia ni vumbi la mawe. Huo ndio uongo wangu wa wiki hii, na ninajitahidi usizae.

Generosa nimemwambia yote jana. Akasema anajua tangu tulipooana, maana hajapata kuona dereva mwenye mabega meusi kwa vumbi la mwamba. Kumbe katika nchi hii yote aliyekuwa haijui siri yangu ni mimi peke yangu.

Nimeomba ruhusa ya siku nne. Nakuja. Nitasimama barazani, na kofia nitaivaa, wazee waione ilivyochakaa kwa kutokuendesha. "Vuuu" nitasema. Nitaisema vizuri mpaka mtemi mwenyewe atafute breki. Na nikimaliza nitaichukua ile picha mezani, nikuletee mkononi, uamue ukuta au moto.

Mpelekee Mama Limi shikamoo yangu, na aniwekee michembe. Mwambie mkate sikushiba hata siku moja.

Nitafika na lori la Herman Alhamisi mchana. Mimi usinitafute mbele, nitakuwa nyuma juu ya magunia ya chumvi, mahali nilipozoea tangu Burma. Ila nimekwisha zungumza na Herman. Tukifika kwenye njia panda ya Nyasubi tutasimama, wewe utapanda mbele ukae karibu naye, na tukifika mbele ya nyumba ya mama yako, honi ni yako. Uiminye kwa nguvu.

Mimi nitashuka nikimbie na kuku.

Marselino